Rangi inabanduka kwenye peni nilizochora kwa mkono, nipake laka gani?

Swali lililonifikia ni hili, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Mimi ni mchoraji, naishi Igoma hapa Mwanza, nimezoea kuchora kwenye turubai na vibao vya kuwauzia watalii. Siku hizi nimeanza kuchora picha ndogo ndogo kwenye peni, mitumbwi, mawe ya Bismarck, sato, na watu wanazipenda kweli, ila baada ya wiki chache rangi inaanza kubanduka pale mtu anaposhika, mteja mmoja kanirudishia kabisa. Mtandaoni nimeona peni za Kijapani na za Kirusi zimechorwa kisha zikapakwa laka, zinang'aa ajabu. Ile laka naipataje? Kama haipatikani nipake nini? Na niuzeje?"

Marahaba binti. Umeuliza kitu ambacho wachoraji wengi hapa Mwanza wakikwama nacho wanaacha tu, na ni hasara maana mkono mzuri wa kuchora vitu vidogo haupatikani kila mahali. Sasa nikwambie jambo moja kabla ya mengine yote: kwenye peni picha ndo kazi ndogo, kazi kubwa iko chini ya picha na juu ya picha. Turubai inatundikwa ukutani na hakuna anayeigusa tena, lakini peni inashikwa na mkono wenye jasho na mafuta, inaingia mfukoni pamoja na funguo, inaanguka chini, mtu anaipangusa na sanitaiza, mwingine anaitafuna kabisa akiwa anawaza. Kwahiyo tusianze na laka, tuanze na peni yenyewe.

Hujaniambia unachora kwenye peni gani ila nahisi ni zile za plastiki za dukani, peni ya jero. Hapo ndo ugonjwa wako ulipo. Plastiki haziko sawa. Chukua ile Bic ya kawaida kabisa, mwili wake ni polistirini na kofia yake ni polipropilini, ni plastiki mbili tofauti kwenye peni moja, ukichora kwenye mwili na ukiandaa vizuri rangi inashika, ukichora kwenye kofia unapoteza muda wako kwa sababu polipropilini haikubali karibu rangi yoyote bila praima maalum, yaani rangi ya chini ya kushikisha. Namna ya kujua ni rahisi, chukua bakuli la maji, tumbukiza kipande cha hiyo plastiki (ukizamishe vizuri na kidole hewa itoke), kikielea achana nacho, kikizama kina matumaini. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, polistirini na akriliki na ABS zinazama.

Kwa hizo zinazozama, osha kwanza na sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, kwa sababu plastiki ikitoka kwenye moldi mara nyingi ina ukungu wa mafuta ambao hauonekani kwa macho, na juu yake kuna mafuta ya vidole vya kila aliyeishika mpaka ikakufikia. Ikikauka piga msasa namba 600 wenye maji halafu 1000, mpaka ule mng'ao wote upotee, peni iwe imefifia mwili mzima. Sehemu yoyote inayong'aa bado ndo itakayobanduka kwanza. Halafu futa na spiriti kwa kitambaa safi na kuanzia hapo usiishike tena kwa mkono mtupu, ishikilie kwa kijiti ulichopachika ndani. Spiriti nimesema, sio tina wala asetoni, maana polistirini ukiigusa na tina inayeyuka hapo hapo mikononi mwako. Na hii ndo sababu ile rangi ya kucha wanayokushauri watu haifai, ndani yake kuna vimiminika vya jamii hiyo hiyo.

Lakini ushauri wangu wa kweli ni kwamba uhame kwenye plastiki. Picha iliyokuchukua siku nzima usiiweke kwenye peni ya jero ambayo wino ukiisha mtu anaitupa jalalani. Tafuta peni za chuma, alumini au shaba, au nenda kwa wakereza mbao wakukerezee miili ya mpingo, na vyovyote utakavyochagua hakikisha inatumia rifili inayobadilishwa, ile ya saizi ya Parker ndo inapatikana kirahisi. Kwenye chuma unapiga msasa kisha praima ya chuma, nyembamba. Kwenye mpingo kuna jambo la kuangalia: mti ule una mafuta yake ya asili, na vanishi za mafuta ukizipaka moja kwa moja juu yake zinaweza kukaa zinanata siku nyingi bila kukauka. Futa mpingo na asetoni (hapa asetoni ruksa, ni mbao), subiri ipae, na ndani ya muda mfupi paka koti moja jembamba la shelaki, ile vanishi inayoyeyushwa kwa spiriti, kabla mafuta hayajapanda tena juu. Shelaki inakaa katikati kama ukuta, kila kitu kingine kinakaa juu yake.

Sasa tuje kwenye laka uliyoiona. Hizo ni dunia mbili, Japani na Urusi, na hazifanani hata kidogo.

Ya Wajapani inaitwa urushi, ni utomvu wa mti. Wanauchanja gome utomvu unachuruzika, mti mmoja unatoa kama gramu 200 tu na unakuwa umesubiriwa miaka kumi au zaidi kabla ya kuchanjwa. Ajabu yake ni kwamba haukauki kwa jua wala kwa upepo, unakauka kwa unyevu. Wanaweka kitu kilichopakwa ndani ya kabati lenye joto la kawaida na unyevu wa asilimia 70 mpaka 85 hivi, kimeng'enya kilichomo ndani ya utomvu kinafanya kazi yake na urushi inakuwa ngumu, haiogopi maji wala spiriti wala asidi, kitu inachoogopa sana ni jua kali. Maki-e sasa ni namna ya kuchora juu yake: unachora mstari kwa urushi mbichi, halafu kabla haujakauka unanyunyizia unga wa dhahabu au fedha, unga unanasa pale palipochorwa tu. Ndo maana mistari yao ya dhahabu ni myembamba vile.

Na usidhani walianza kupaka peni laka kwa ajili ya urembo. Kampuni ya peni ya Ryosuke Namiki na mwenzake Masao Wada, ambayo leo ni Pilot, ilianza 1918, na peni za wakati ule zilikuwa za ebonaiti, mpira mgumu mweusi, ambao ukikaa kwenye mwanga unapauka. Mwaka 1925 hivi wakaanza kuupaka urushi ili usipauke. Picha zikafuata, wakachukua mafundi wa maki-e akiwemo Gonroku Matsuda ambaye baadaye, 1955, serikali ya Japani ilimtangaza hazina hai ya taifa, na 1930 wakaingia mkataba na Dunhill wa Uingereza peni zikaanza kuuzwa Ulaya. Nakuelezea haya kwa sababu wewe umeanza na picha ukatafuta laka baadaye, wao laka ilitangulia, picha ikaja kukaa juu ya kitu ambacho tayari ni imara.

Naipataje, umeuliza. Inaagizwa kutoka nje, inauzwa kwenye tyubu ndogo. Lakini mimi kwa mtu anayeanza nasema hapana. Ndani ya urushi mbichi kuna kitu kinaitwa urushioli, kinawasha vibaya sana, mtu anatoka malengelenge mikono na uso na wengine hata bila kuigusa vizuri. Mti wake ni ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Kama wewe ni katika wale ambao utomvu wa embe unawatoa vipele mdomoni basi usiisogelee kabisa. Wenzetu wa Mtwara wanaobangua korosho wanajua yale mafuta ya ganda yanavyobabua vidole, ni jamii hiyo hiyo ya kemikali, na kwa taarifa yako Wajapani wanatengeneza laka ya bei nafuu kutokana na hayo hayo mafuta ya maganda ya korosho, inakauka bila lile kabati la unyevu na inakaribiana na urushi kwa muonekano. Sisi korosho zetu nyingi zinasafirishwa ghafi na maganda yake, hilo linaniuma kila nikiliwaza, maana laka ya peni zako ingeweza kutoka Masasi. Haya, tuendelee.

Warusi ndo wa kwako. Kule kuna vijiji vinne vinavyojulikana kwa kazi hii, Fedoskino, Palekh, Mstera na Kholui, asili yao ni visanduku vya karatasi iliyogandishwa kwa gundi na kukaushwa, vinapakwa laka nyeusi na kuchorwa, peni ni jambo la miaka ya karibuni. Fedoskino, ambako kazi ilianza 1795, wanachora kwa rangi za mafuta, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka la picha likikauka linapakwa laka, linasuguliwa, halafu wanachora tena juu yake. Palekh walikuwa wachora picha takatifu za kanisa, baada ya mapinduzi ya 1917 kazi hiyo ikafa, 1924 wakaanzisha ushirika na kuhamia kwenye visanduku vyeusi, na rangi yao ni unga uliochanganywa na kiini cha yai. Hakuna utomvu unaowasha, hakuna kabati. Kinachofanya picha zao ziwake ni utaratibu, na utaratibu huo unaweza kuufanya Igoma.

Uangalie hivi kwa karibu. Peni ni nyeusi. Unataka kuchora mtumbwi wenye tanga. Ukipaka njano moja kwa moja juu ya nyeusi njano inakufa, inakuwa kijani cha matope. Kwahiyo Palekh wanachora kwanza umbo lote la picha kwa rangi nyeupe, nyeupe nzito pale mwanga utakapopiga, yaani tumbo la tanga, ukingo wa mtumbwi, bega la mvuvi, na nyeupe nyepesi ya majimaji pale patakapokuwa na giza. Ikikauka unapitisha rangi zako nyembamba juu yake, nyembamba mpaka nyeupe inapenya kutoka chini, na mwanga unaonekana unatoka ndani ya picha. Mawimbi usiyachore yote, acha nyeusi ya peni iwe ndo maji, weka mistari michache tu. Mwisho kabisa koti moja la laka, na juu yake ndo dhahabu, nywele nywele za mistari, halafu laka tena kuifunika. Wao dhahabu ni ya kweli, imesagwa kwenye vidole na gundi, na wanaing'arisha kwa jino la mbwa mwitu. Wewe kwa rangi ya akriliki utafanya vizuri tu, inakauka haraka, haina harufu, na ukiikoroga nyembamba inatii. Ila kuhusu dhahabu usinunue ule unga wa shaba wa duka la rangi, unapendeza mwezi wa kwanza halafu unaanza kuwa kahawia na ukijani. Tafuta unga wa maika, madini yanayong'aa, wenye rangi ya dhahabu, wanaouza vifaa vya saluni na kucha wanao, huo haubadiliki.

Na kuna kitu wewe unacho ambacho Warusi wanakipenda, ganda la kome. Fedoskino wanabandika vipande vyembamba vya ganda linalong'aa chini ya rangi, Wajapani nao wana kazi yao ya ganda wanaiita raden. Kome wa ziwani ndani yake wana mng'ao huo huo. Kipande chembamba chini ya rangi ya samaki, sato anakuwa hai. Lakini usiingie majini kuwasaka, kichocho kipo ufukweni kote huku unajua mwenyewe, okota maganda makavu yaliyotupwa juu, na unapoyasaga kuyapunguza unene yasage kwenye maji maana vumbi lake likiingia mapafuni ni baya.

Picha yenyewe nayo ipangwe kwa mviringo. Peni ya unene wa milimita 12 ukiizungusha karatasi unapata upana wa kama milimita 38, na jicho linaona chini ya nusu ya hiyo kwa mara moja. Kata karatasi saizi hiyo, chora humo kwanza, izungushie kwenye peni uone. Mawe ya Bismarck yanafaa sana kwa sababu yanapanda kwenda juu na peni nayo inapanda. Mtumbwi mrefu ulale kwa urefu wa peni. Na pale vidole vinaposhika, sentimita tatu za chini, usichore kitu chochote, weka nyeusi tupu na laka. Hilo peke yake litakupunguzia wateja wa kurudisha.

Sasa koti la juu, swali lako lenyewe. Hapa sokoni utakuta laka ya mafundi samani, ile inayokauka dakika chache, ni rahisi lakini naipinga kwa peni, spiriti na sanitaiza inaiyeyusha, na wakati wa mvua ukiipaka inapauka nyeupe kwa sababu inanasa unyevu. Epoksi ni ngumu na nene, inapendeza, ila inageuka njano ikipigwa jua. Kinachodumu kuliko vyote unavyoweza kupata kirahisi ni kilia ya magari, laka angavu inayopakwa juu ya rangi ya gari, ile ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha. Inavumilia jasho, spiriti, funguo, jua. Shida yake ni moja na ni kubwa: kwenye hadina kuna kemikali inaitwa isosianeti, ukivuta ule mvuke na hasa ule ukungu wa kupuliza unaweza kupata pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haisaidii chochote. Kwahiyo usiipulize nyumbani kwenye chumba chenye watoto, tafadhali sana.

Fanya hivi. Tafuta fundi rangi wa magari mwenye chumba cha kupulizia na vifaa vya kujikinga vinavyoeleweka, elewana naye kwamba siku akipiga kilia gari mwishoni inayobaki kwenye bunduki ya kupulizia apulizie peni zako. Ile ikishachanganywa na hadina haihifadhiki, baada ya masaa machache inaganda kwenye kopo, kwake ni ya kutupa. Mpelekee peni nyingi kwa pamoja zikiwa zimesimama kwenye vijiti vya mishikaki kwenye ubao. Mwambie koti la kwanza liwe ukungu tu, likiwa zito litakunja akriliki yako yote, la pili na la tatu ndo yalowe. Nyuzi za skrubu za kufungia kofia zizibe na tepu kabla, kwa sababu kila koti linaongeza unene na utakuja kukuta kofia haifungi, ukilazimisha inapasua laka.

Ukishindwa kumpata fundi na ukaamua kupaka kitu cha kupaka kwa brashi, kama epoksi au vanishi ya maji, basi peni lazima izunguke inapokauka, la sivyo yote inashuka chini inatengeneza tone. Mota ya kuzungusha sahani ya microwave iliyokufa, mafundi elektroniki wanazo, inazunguka taratibu sana na ndo mwendo unaotakiwa. Mwombe fundi akufungie waya vizuri maana nyingi zinatumia umeme wa ukutani.

Na hali ya hewa yetu uiheshimu. Upepo wa ziwani mchana unaleta vumbi, kwahiyo paka asubuhi mapema pakiwa pametulia. Vile vidudu vya ziwani vinavyopanda juu ya maji kwa mamilioni vinafuata taa, na vikitua kwenye laka mbichi havitoki mpaka usugue koti lote. Usiku vikiwa vimetanda usipake, au paka na kufunika hapo hapo kwenye boksi safi.

Koti likikaa angalau wiki, sio siku mbili, sugua kwa maji na tone la sabuni, msasa 1000 halafu 2000, mkono mwepesi hasa pembeni pembeni maana kingo ndo zinapenya kwanza. Ukiona maji ya msasa yamebadilika rangi simama, umefika kwenye picha. Kama bado kuna mabonde rudi kwa fundi upate koti jingine. Mwisho kitambaa laini na kompaundi ya kung'arishia magari. Ule mng'ao uliouona mtandaoni unatoka hapa, kwenye kusugua.

Kuhusu kuuza, usiziite maki-e wala urushi wala Palekh. Mtalii anayejua atakukamata na asiyejua umemdanganya. Weka kikaratasi kidogo: mwili wa mpingo, rangi ya akriliki, kilia ya gari makoti matatu, rifili ya saizi fulani, imechorwa Mwanza na jina lako. Bei hesabu masaa yako kwanza, ya kuchora na ya kusugua, ongeza mkerezaji, fundi rangi, rifili, boksi, na usikubali kushindanishwa na mchuuzi wa peni wa Makoroboi kwa sababu yule anauza wino na wewe unauza picha. Na usichukue oda kubwa ya haraka ya harusi au ofisi mpaka peni zako mwenyewe umezibeba mfukoni na kuandika nazo miezi kadhaa ukaona zinavyoishi. Hata ile iliyorudishwa usiitupe, ichubue yote, ipige msasa upya, iwe ya kwanza kujaribu njia hii, na mteja wako akikubali mrudishie hiyo hiyo.